Kostiki iliyotumika iende wapi? Swali la Kamenge linalofika Ziwa Tanganyika

BUJUMBURA

KATIKA mitaa ya Kamenge, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, kostiki soda si kitu kigeni. Iko katika ndoo ya mama anayetengeneza sabuni uani kwake. Iko katika dawa ya kuzibulia mabomba ya sinki. Na iko kwa wingi zaidi katika viwanda vya jiji, vinavyoosha chupa za bia na soda, vinavyopika sabuni na vinavyosafisha nyuzi za pamba kabla hazijatiwa rangi.

Kila anayeinunua anajua uchungu wa bei yake. Burundi haina kiwanda cha kutengeneza kemikali hiyo, kwa hiyo inaagizwa kwa fedha za kigeni. Njia yake ya kawaida ni bandari ya Dar es Salaam, kisha zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, au reli hadi Kigoma na meli hadi Bujumbura.

Kisichozungumzwa sana ni kile kinachofuata kazi ikishakwisha. Kostiki iliyotumika haigeuki kuwa maji safi. Bado inachoma, na sasa imebeba mafuta, gundi ya lebo, rangi na uchafu mwingine. Ikimwagwa mtaroni hufuata mteremko wa jiji kuelekea uwanda wa Buterere, na mwisho wake ni Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo ndilo chanzo kikuu cha maji ya bomba yanayosambazwa na REGIDESO mjini Bujumbura, na Burundi inalitumia pamoja na Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia.

Wahandisi wana njia mbili za kushughulikia mabaki hayo. Ya kwanza ni kuyatibu ili yasidhuru mtu wala samaki. Ya pili ni kuyarudisha kazini, yaani kuisafisha kostiki na kuitumia tena. Njia ya pili si ndoto ya Ulaya. Afrika Mashariki ina viwanda vilivyoifanya kwa miaka mingi.

Ndugu mkali wa magadi

Kostiki soda, ambayo kitaalamu huitwa sodiamu hidroksaidi, ni ndugu mkali wa magadi. Magadi yanayochimbwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya yakitiwa katika maji pamoja na chokaa, chokaa huzama ikiwa imebadilika na maji yanayobaki juu huwa kostiki. Siku hizi sehemu kubwa ya kostiki duniani hutengenezwa kwa kupitisha umeme katika maji ya chumvi. Hata mabibi wanaochuja majivu ya maganda ya ndizi ili kulainisha maharage wanatumia jamaa wa ukoo huohuo, ila aliye mpole zaidi.

Ukali wake hupimwa kwa kipimo cha pH. Kipimo hicho huanzia 0, ambako kuna asidi kali, hadi 14, ambako kuna kostiki kali. Maji safi yako katikati, kwenye 7. Kila hatua moja ni tofauti ya mara 10, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika.

Chukua lita moja ya kostiki hafifu ya asilimia 1, ambayo ina pH inayozidi 13. Ukitaka kuishusha hadi 9 kwa kuichanganya na maji matupu, utahitaji kiasi cha lita 25,000. Hayo ni matangi 25 ya lita 1,000 kwa ajili ya lita moja. Maji ya mto yana chumvi na gesi ya kaboni zinazopunguza kazi hiyo, lakini hesabu inatosha kuonyesha kwa nini kauli ya "itapotea kwenye maji mengi" haiwezi kuitwa matibabu.

Mwilini, kostiki hugeuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni na kuyeyusha nyama yenyewe. Ndiyo maana jeraha lake huendelea kuchimba hata baada ya maumivu ya kwanza, na tone moja jichoni laweza kumpofusha mtu. Huduma ya kwanza ni maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Siki na ndimu hazifai kwa kazi hiyo. Mtoto aliyeinywa asitapishwe, kwa kuwa ikipanda itachoma koo mara ya pili. Wakazi wa Kamenge wana bahati ya kuwa na Hospitali ya Chuo Kikuu, ambayo wengi bado wanaiita Roi Khaled, karibu nao. Lakini koo lililoungua huacha kovu linaloziba njia ya chakula, na tiba yake huchukua miezi au miaka.

Mabwawa yaliyo hai

Majitaka ya sehemu ya jiji la Bujumbura huelekezwa katika kituo cha Buterere. Kituo hicho hufanya kazi kwa mabwawa. Uchafu mzito hutuama, bakteria hula uchafu ulioyeyuka, mwani hutoa oksijeni kwa msaada wa jua, na maji yaliyopungua makali hutoka kuelekea mto Kinyankonge, unaomwaga ziwani. Ni teknolojia nzuri kwa mji wenye joto na umeme wa shida.

Udhaifu wake ni kwamba wafanyakazi wake ni viumbe hai. Bakteria wengi wa majitaka hufanya kazi vizuri pale pH inapokuwa kati ya 6.5 na 8.5. Wimbi moja la maji ya pH 11 au 12 kutoka kiwandani, hata likidumu saa chache, huwaua au kuwalegeza, na mabwawa huhitaji siku nyingi kurudi katika hali yake. Katika siku hizo, majitaka ya vyoo vya watu wote hupita bila kutibiwa vizuri. Mwaga-kostiki mmoja, kwa hiyo, haharibu maji yake peke yake. Anaharibu kazi iliyofanywa kwa ajili ya mji mzima.

Kuna madhara mengine yasiyoonekana kwa macho. Majitaka ya nyumbani yana amoniamu nyingi, inayotokana na mkojo. Pale pH inapokuwa chini ya 8, karibu yote hubaki katika umbo lisilo na sumu kubwa kwa samaki. Ikipanda hadi kiasi cha 9.2, nusu yake hugeuka kuwa amonia kamili, ambayo huua samaki hata ikiwa kidogo sana. Kostiki ikikutana na majitaka ya kawaida huamsha sumu iliyokuwa imelala.

Baadhi ya watu hujitetea kwamba Ziwa Tanganyika lenyewe lina asili ya magadi, na pH yake huwa karibu 9. Ni kweli, lakini hoja hiyo inawageukia. Ziwa lililo karibu na 9 tayari limekaa ukingoni mwa hatari ya amonia. Nyongeza ndogo kwenye ghuba moja yatosha kulivusha.

Tena hili si ziwa la kusema mkondo utasafisha. Lina kina cha mita 1,470, likiwa la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, na njia yake pekee ya kutokea ni mto Lukuga upande wa Kongo. Maji yake huchukua karne kadhaa kubadilika. Kinachoingia ndani kinakaa. Na kinaingia kupitia maji ya kina kifupi ya pwani, ambako samaki wengi hukulia, ambako wavuvi wa ndagala hupita na ambako mabomba ya maji ya kunywa hunyonya.

Hiyo ndiyo sababu ya kanuni inayopaswa kufuatwa na kila mji wenye mabwawa ya aina hii: kiwanda kitibu kwanza ndani ya uzio wake, ndipo kiruhusiwe kuunganisha bomba lake na la jiji.

Abidjan 2006

Bara la Afrika lina kumbukumbu chungu ya kostiki iliyotumika. Mwaka 2006, meli iitwayo Probo Koala, iliyokuwa imekodiwa na kampuni ya biashara ya mafuta ya Trafigura, ilitumika kusafisha mafuta machafu yenye salfa nyingi kwa kuyaosha na kostiki soda ndani ya meli yenyewe. Mafuta yalisafishika. Kilichobaki ni kostiki iliyoshiba salfa.

Meli ilijaribu kushusha mabaki hayo Amsterdam, Uholanzi. Harufu ilizua malalamiko, bei ya kuyatibu ikapandishwa, na mabaki yakarudishwa melini. Agosti mwaka huo yalishushwa Abidjan, Ivory Coast, na kukabidhiwa kwa kampuni ya huko isiyokuwa na mtambo wa kuyatibu. Malori yaliyamwaga usiku sehemu mbalimbali za jiji, likiwemo jalala la Akouédo.

Zaidi ya watu 100,000 walikwenda kutafuta matibabu, na serikali ya nchi hiyo ilitangaza vifo visivyopungua 15. Mwaka 2007 Trafigura ililipa serikali ya Ivory Coast takriban dola milioni 198 za Marekani bila kukubali kuwa na hatia, na mwaka 2009 ikafikia makubaliano mengine mjini London na wadai wapatao 30,000.

Mwisho wa kisheria wa jambo hilo ulikuja Afrika Mashariki. Septemba 2023, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba serikali ya Ivory Coast ilikiuka haki za wananchi wake, ikiwemo haki ya kuishi, afya na mazingira safi. Uzito wa hukumu hiyo uko hapo. Mmwagaji alikuwa kampuni, lakini dola ndiyo iliyoulizwa kwa nini haikuwalinda watu wake.

Kutibu si kumimina asidi tu

Kostiki iliyotumika si ya aina moja, na kosa la kwanza katika kuitibu ni kudhani kwamba zote zinafanana.

Inayotoka katika kuosha chupa ni nyepesi zaidi. Ina uchafu, nyuzi za karatasi, gundi na wino wa lebo. Kuipunguza makali kwa asidi ya salfuriki kunawezekana: kilo moja ya kostiki huhitaji kiasi cha kilo 1.2 za asidi hiyo. Shida ni kwamba asidi ikizidi kidogo, maji hugeuka kuwa makali upande wa pili. Viwanda vya bia vina njia salama zaidi, nayo inatoka katika mapipa yao wenyewe. Bia inapochacha hutoa gesi ya kaboni dioksidi kwa wingi. Gesi hiyo ikipitishwa katika maji ya kostiki huyageuza kuwa magadi, kisha kitu kilicho karibu na magadi ya kuokea, na hata ikizidi haiwezi kuyafanya maji kuwa asidi kali. Moshi wa boila pia hufanya kazi hiyo.

Inayotoka katika usafishaji wa mafuta ni ya hatari zaidi, kwa kuwa imebeba salfa. Ukiimiminia asidi bila maandalizi hutoa hidrojeni salfidi, gesi yenye harufu ya yai bovu ambayo kwa kiwango kikubwa huua harufu kwanza, kisha humuua anayeivuta. Viwanda vya mafuta hutumia mtambo unaopuliza hewa katika kostiki hiyo ikiwa katika joto la nyuzi 150 hadi zaidi ya 250 na mgandamizo mkubwa, ili salfa igeuke kuwa chumvi isiyo na madhara makubwa. Baada ya hapo ndipo hupunguzwa makali na kupelekwa kwa bakteria.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na viwanda viwili vikubwa vya kusafisha mafuta ghafi, cha Mombasa kilichoanza 1963 na kuacha kusafisha 2013, na TIPER cha Dar es Salaam kilichoanzishwa 1966, ambacho sasa ni ghala la mafuta. Uganda inapanga kujenga kingine Kabaale, wilayani Hoima, chenye uwezo wa mapipa 60,000 kwa siku. Kitakapoanza, kostiki yenye salfa itarudi katika ukanda huu, na mahali pake pa kutibiwa ni jambo la kuamuliwa katika michoro, kabla ya zege kumwagwa.

Mgololo na Webuye walivyofanya

Njia ya pili, ya kurudisha kostiki kazini, ilifikia ukubwa wake katika viwanda vya karatasi. Mfano ulio karibu ni Mgololo, wilayani Mufindi, kusini mwa Tanzania, ambako kiwanda cha karatasi kilianza katikati ya miaka ya 1980. Nchini Kenya, kiwanda cha Pan African Paper Mills cha Webuye, kando ya mto Nzoia, kilitumia utaratibu wa aina hiyo tangu miaka ya 1970 hadi kiliposimama 2009.

Vipande vya msonobari hupikwa katika kostiki na sodiamu salfidi kwenye joto la nyuzi 170 hivi. Nyuzi za karatasi hubaki, na kile kinachozishikanisha ndani ya mti huyeyuka na kutoka kama maji meusi mazito. Maji hayo yakimwagwa mtoni ni msiba. Badala yake hukaushwa mpaka yawe mazito kama uji wa lami, kisha huchomwa katika tanuri maalumu. Sehemu ya mti huungua na kutoa mvuke unaoendesha mitambo ya umeme wa kiwanda. Sodiamu hubaki chini kama majimaji ya moto, huyeyushwa katika maji na kutiwa chokaa, na kostiki hupatikana upya. Chokaa iliyotumika nayo huchomwa na kurudi kazini.

Kiwanda kinachoendeshwa vizuri hurudisha zaidi ya asilimia 95 ya kemikali zake kwa mzunguko huo. Bila mzunguko huo hakuna kiwanda cha aina hii kinachoweza kupata faida, kwani gharama ya kununua kostiki mpya kila siku ingekimeza. Hifadhi ya mto na hesabu za mhasibu zinakaa upande mmoja.

Wakazi wa Webuye watasema kwamba mzunguko wa kemikali haukumaliza kila tatizo. Kwa miaka mingi walilalamikia harufu, hali ya mto na mabati ya nyumba zao yaliyokuwa yakioza. Mtambo mzuri hutaka matengenezo, na matengenezo hutaka fedha na mkaguzi asiyefumba macho.

Kinachowezekana Bujumbura

Bujumbura haina kiwanda cha karatasi cha ukubwa huo. Ina kazi tatu zinazotumia kostiki kwa wingi, na kila moja ina njia yake ya kuirudisha.

Ya kwanza ni kuosha chupa. Brarudi, iliyoanzishwa 1955, huuza sehemu kubwa ya vinywaji vyake katika chupa zinazorudishwa, na kila chupa ya Primus inayorudi lazima ioshwe kabla ya kujazwa. Mashine za kuoshea chupa, popote duniani, huwa na matangi ya kostiki ya asilimia 1 hadi 3 yenye moto. Kostiki hiyo haiishi kwa siku moja. Ikichujwa lebo, ikiachwa ituame katika tangi refu na kuongezwa kidogo pale inapopungua, hufanya kazi kwa wiki nyingi. Sehemu kubwa ya akiba hupatikana hapo, kwa tangi, chujio na mtu mmoja anayepima kila zamu. Tahadhari ni karatasi ya alumini iliyovishwa shingoni mwa baadhi ya chupa. Alumini ikiliwa na kostiki hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka, kwa hiyo matangi yanahitaji njia ya kutolea hewa.

Ya pili ni nguo. Kiwanda kilichojulikana kwa wazee wa jiji kama COTEBU, na baadaye kikawa Afritextile, kinawakumbusha kwamba pamba ya Burundi inaweza kugeuka kitenge nyumbani. Pamba hupikwa katika kostiki ili itoke nta yake. Viwanda vinavyotaka kitambaa king'ae na kushika rangi huipitisha tena katika kostiki kali ya asilimia 20 au zaidi, utaratibu uliosajiliwa na Mwingereza John Mercer mwaka 1850. Maji ya kwanza ya kusuuzia hutoka yakiwa na kostiki nyingi. Katika viwanda vikubwa vya India na China hayo hayamwagwi. Huchemshwa hatua kwa hatua, mvuke wa tangi moja ukipasha moto tangi linalofuata, hadi yarudie ukali wa awali.

Uchemshaji huo unahitaji nishati, na hapo Burundi imebanwa. Mradi wa Rusumo wa megawati 80, unaogawanywa na Burundi, Rwanda na Tanzania, umepunguza njaa ya umeme lakini haujaimaliza. Kwa kiwanda cha kati, hatua ya kwanza ya busara ni kupanga maji ya kusuuzia yaende kinyume na kitambaa. Maji safi huingia mwisho, ambako kitambaa kimekwisha kuwa safi, na hutoka mwanzo yakiwa yamekusanya kostiki ya kutosha kupikia pamba nyingine. Hayahitaji moto wa ziada.

Ya tatu ni sabuni. Savonor na viwanda vingine vya ukanda huu hupika mafuta ya mawese kwa kostiki. Katika upikaji wa kienyeji cha viwanda vikubwa, sabuni hutenganishwa kwa chumvi, na chini hubaki maji yenye chumvi, kostiki kidogo na gliserini. Gliserini ni mali. Hutumika katika dawa za kikohozi, mafuta ya kujipaka na dawa za meno. Kiwanda chenye ukubwa wa kutosha huyasafisha maji hayo, huyachemsha na kuuza gliserini, huku chumvi ikirudi kazini. Kwa kiwanda kimoja kidogo, mtambo huo huenda usilipe. Kwa viwanda vya Bujumbura, Kigoma, Uvira na Bukavu vikikusanya mabaki yao mahali pamoja, hesabu yaweza kuwa nyingine. Kikwazo ni kwamba mabaki ya kemikali hayavuki mpaka kirahisi, na baada ya Abidjan ni haki yasivuke bila karatasi.

Ndoo ya uani

Mjadala wa viwanda usiwasahau watengenezaji wadogo. Sabuni ni bidhaa nyeti nchini Burundi. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, serikali ilishusha bei ya sabuni ya buluu kwa nusu ili kila familia iweze kunawa. Katika mitaa kama Kamenge, sabuni ya mkono huzungushia familia mtaji mdogo.

Habari njema ni kwamba sabuni isiyopikwa, ile inayochanganywa ndooni na kumiminwa kwenye ukungu, haina kostiki ya kumwaga ikiwa imepimwa vizuri. Yote huishia ndani ya sabuni, pamoja na gliserini yake. Kilo 10 za mawese huhitaji kiasi cha kilo 1.4 za kostiki, na wazoefu hupunguza kidogo ili sabuni isichome mikono. Mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, huhitaji zaidi, kiasi cha kilo 1.75. Anayekadiria kwa kikombe ndiye anayepata sabuni kali isiyouzika na mabaki ya kumwaga.

Maji ya kusuuzia ndoo na mwiko yasiende mtaroni. Yakihifadhiwa kwenye dumu lenye kifuniko na alama, hutumika kuyeyushia kostiki ya mpiko unaofuata. Huo ni urudishaji uleule wa Mgololo, kwa kiwango cha uani. Ndoo iwe ya plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu, kwani sufuria ya alumini italiwa. Kostiki ndiyo itiwe katika maji, polepole. Maji yakimiminwa juu ya kostiki huchemka ghafla na kuruka usoni.

Na kanuni moja haina msamaha: kostiki isiwekwe kamwe katika chupa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtoto hasomi alama. Anaona chupa anayoijua.

Ziwa moja, sheria nyingi

Burundi haikosi sheria. Ina Kanuni ya Mazingira ya mwaka 2000, iliyofanyiwa mapitio 2021, Kanuni ya Maji ya 2012, na ofisi ya taifa ya kulinda mazingira, OBPE. Tanzania inataka majitaka ya viwandani yatoke yakiwa na pH kati ya 6.5 na 8.5, na Kenya inataka hivyohivyo kwa maji yanayoingia mitoni. Kanuni za Uganda za 1999 ziliweka kati ya 6 na 8. Tofauti hizo ni ndogo, na hazipaswi kuwa sababu ya kiwanda kuchagua upande wa ziwa wenye mkaguzi mpole.

Nchi nne za Ziwa Tanganyika zilitia saini mkataba wa kulitunza mwaka 2003 mjini Dar es Salaam, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake hapahapa Bujumbura. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao una sura nzima, ya 19, kuhusu ushirikiano katika mazingira na maliasili. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022, nchi tatu kati ya nne za ziwa hilo ziko ndani ya soko moja. Bia, sabuni na vitenge vinavuka mipaka yake kila siku. Kipimo cha maji yanayotoka viwandani kinaweza kuvuka pia, kikawa kimoja, na matokeo yake yakabandikwa mahali ambapo raia wa Kamenge, Kigoma au Uvira anaweza kuyasoma.

Kifaa cha kuanzia hakihitaji mkopo wa benki ya dunia. Karatasi ya kupimia pH hubadilika rangi kwa sekunde chache, na hata kijana wa sekondari anaweza kuisoma. Ikichovywa mtaroni asubuhi, mchana na usiku, itaeleza kama kiwanda cha juu kimetibu maji yake au kimesubiri giza.

Mfuko mmoja wa kostiki uliosafiri kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura umelipiwa ushuru, nauli na dola. Kuutumia mara moja na kuumwaga mtaroni ni hasara kwa aliyeununua, kabla hata haijafika kwa mvuvi wa ndagala na kwa mama anayefungua bomba la maji jioni.